Mafuta Yaliyosomewa

Mama yangu alianza kujifunza Uomani akiwa na miaka arobaini na ushei, na mwalimu wake alikuwa ami yangu. Tulifika Matrah mwaka 1964, mama na mimi na masanduku mawili, baada ya kumzika baba Unguja. Ami, ndugu yake baba, alitupa vyumba viwili vya juu katika nyumba yake nyuma ya soko, na haukupita mwezi akaanza kutusomesha ya kwetu. Maana kwa ukoo sisi ni Waomani, lakini kwa mengine yote tulikuwa watu wa Unguja. Tulikula wali wa nazi, tulicheka kwa sauti, na tulipolia tulilia kwa Kiswahili.

Ami hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu nitamsema. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikohoa kabla ya kuingia chumba chochote chenye wanawake, hata chumba chake mwenyewe. Alitulisha miaka yote ile bila kutusimanga hata siku moja. Lakini kulikuwa na jambo moja la kwetu lililomkera, nalo ni namna tulivyosali.

Sisi ni Waibadhi wa asili, na Muibadhi husali mikono imeteremka ubavuni, wala hasomi dua ya kunuti alfajiri. Ila Unguja wazee wetu walikaa na majirani wa madhehebu mengine, wakasali nao, wakazikana, wakaoana, na taratibu mikono ikapanda kifuani. Mama alizaliwa akaikuta mikono iko hapo. Alidhani imekuwa hapo siku zote.

"Shemegi," ami alimwambia siku moja akiwa amesimama nje ya mlango, "babu yako aliondoka hapa akisali kama nnavyosali mie. Haya ya kukunja mikono mmeyaokota huko njiani."

Mama aliitikia kwa adabu. Jioni nilimkuta amekaa juu ya msala, na nilipomuuliza ana nini akaanza kulia. Nilidhani amekasirishwa na ami, nikawa tayari nimenoa ulimi, na ulimi ninao, sikatai. Kumbe si hivyo.

"Si mikono," alisema. "Mikono ntaiteremsha, kwani nini? Lakini baba yangu alinifundisha sala kwa mkono wake. Alijua kwamba tulibadilisha, au hakujua? Na kama alijua, mbona hakunambia?"

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilikuwa nikiwaza habari za viatu.

Baada ya sala ikafuata mambo mengine, moja moja. Lililomuuma mama kuliko yote lilikuwa la mafuta. Kwao Unguja, mwanamke akikaribia kujifungua, wanawake wa nyumba walikaa wakamzunguka, wakasoma Yasini juu ya sahani ya mafuta ya nazi, wakayapulizia, kisha mkubwa wao akampaka mja mzito tangu utosini mpaka vidole vya miguu, huku akimuombea kwa Kiswahili, kwa maneno aliyoyapokea kwa mama yake. Bibi yangu alikuwa bingwa wa kazi hiyo mtaani kwao, na mama akairithi. Alipotaka kumfanyia binti wa ami, ami akakohoa mlangoni. Akasema haya kwetu hayakuwapo. Mama akamwaga mafuta kwenye taa, akaosha sahani, akaiweka juu ya kabati. Alisema hatafanya tena katika nyumba ya mtu ambaye hayataki, na mama akisema neno, limekwisha.

Badala yake akajitia bidii kwenye masomo. Akajifunza kuchemsha kahawa ya Kiomani na hiliki yake, kumimina kidogo kidogo kwenye kikombe kisicho mkono, kutumia mkono wa kulia tu, na kuacha kumimina mgeni akitikisa kikombe. Na ami akamfundisha jambo jingine, ambalo ndilo lililoleta kisa hiki chote. Mgeni akipokea kahawa akaiweka chini bila kuionja, ami alisema, huyo ana haja. Amekuja na jambo zito na hatakunywa mpaka apewe. Mwenye nyumba muungwana haulizi haja gani. Humwambia kwanza: kunywa, umeshapewa.

Mama alilipenda sana hilo. Alilikariri kama mtoto wa chuoni na suratul Fatiha.

Mwaka 1968 nilipata kazi kwa sababu ya Kiingereza changu cha skuli ya Unguja. Mhandisi mmoja Mmarekani alikuwa akikaa na mkewe kwenye kambi ya kampuni ya mafuta, nje ya Matrah, na mke alitaka mtu wa kumfundisha Kiarabu na kwenda naye sokoni. Gari ya kampuni ilinichukua asubuhi na kunirudisha kabla ya adhuhuri. Ami hakuipenda kazi ile, lakini alimwendea dereva, Mbaluchi mtu mzima, akamuuliza ukoo wake na kijiji chake, akaridhika.

Yule bibi alikuwa na miaka thelathini hivi, mwembamba, uso umejaa madoadoa ya jua. Alikuwa mtu wa kusali. Hilo lilinishangaza, maana nilikuwa nimejiaminisha kwamba Wazungu wote dini wameiacha makabatini. Yeye na mumewe walikuwa Wamormoni, dini ambayo sikupata kuisikia. Hawakuonja pombe wala sigara, chai wala kahawa. Kila Jumapili, kwa kuwa hapakuwa na wenzao karibu, walikaa wawili sebuleni, mume akaombea kipande cha mkate na gilasi ya maji, wakala na kunywa kimya kimya. Niliwaona mara moja kupitia dirishani na nikaona haya, nikarudi nyuma mpaka walipomaliza.

Alikuwa amezaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto alitoka hana roho. Alinieleza siku tuliyokuwa tukijifunza maneno ya Kiarabu ya jamaa. Nilimfundisha neno la "binti yangu", akalirudia, akafunga daftari.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata akashika mimba tena. Akaacha kwenda sokoni, akawa anatembea ndani ya nyumba huku mkono mmoja uko ukutani. Mimba ilipoingia mwezi wa tisa kikafika kifurushi kutoka kwa shangazi yake huko Marekani, na ndani mlikuwa na daftari la bibi yake mzaa mama, la jalada jeusi.

Siku chache baadaye ilikuwa Idi, akaja kutupa mkono wa Idi. Nilikuwa nimemwalika mwenyewe, kisha nikasahau kumwambia mama kwamba mgeni huyu hanywi kahawa. Kosa ni langu. Nilikwenda jikoni kuleta halua, na nyuma yangu mama akamimina, akampa kikombe kwa mkono wa kulia. Mgeni akakipokea kwa mikono miwili, akatabasamu, akakiweka chini taratibu bila kukionja.

Niliporudi na sahani nikamkuta mama ameketi wima, uso umebadilika, mkono uko kifuani.

"Mwambie anywe," alinambia. "Mwambie ameshapewa."

"Mama, huyu hanywi kaha..."

"Mwambie! Nshatoa neno. Haja yake, iwe nini iwe nini, ameshapewa."

Nilifasiri huku nikiona aibu, nikaeleza na ile desturi, nikamalizia kwa kusema asijali, mama yangu ni mwanafunzi mwenye pupa. Nilitegemea atacheka. Badala yake alikitazama kile kikombe, akamtazama mama, akalia palepale juu ya mkeka wa ami yangu siku ya Idi.

Kumbe haja alikuwa nayo.

Alisema daftari la bibi yake lilikuwa la mambo ya kila siku, mvua, kuku, nani kaoa. Lakini kila baada ya kurasa chache bibi aliandika kwamba leo yeye na wanawake wenzake walikwenda nyumbani kwa fulani aliyekaribia kujifungua, wakamwosha, wakampaka mafuta, wakaweka mikono yao kichwani mwake na kumbariki. Wanawake kwa wanawake. Walifanya hivyo kwa idhini ya wakubwa wa dini yao, hadharani, miaka nenda miaka rudi. Yeye mjukuu alizaliwa katika dini hiyohiyo, akafundishwa kila kitu tangu utotoni, na alichofundishwa ni kwamba kubariki kwa mafuta ni kazi ya wanaume wenye daraja la ukuhani. Kumbe mahali fulani katikati, kati ya bibi na mama yake, wakubwa walisema jambo hili liachwe, na likaachwa, na baadaye hakuna aliyesema kwamba liliwahi kuwapo.

"Sijakasirika kwamba lilibadilishwa," alisema. "Labda walikuwa na sababu. Mume wangu aliniwekea mikono kichwani akanibariki kabla hajaondoka kwenda jangwani kwenye visima, na nilifarijika, sisemi uongo. Lakini nilizaa watoto wawili waliokufa, na mara zote mbili mama yangu alisimama pembeni ya kitanda mikono ameificha mfukoni. Alikuwa anajua? Kama alijua, kwa nini hakuniambia?"

Nilifasiri neno kwa neno. Mama hakungoja nimalize. Alikuwa ameshaelewa, au ameshalisikia swali hilo kabla. Alimsogelea, akamshika mkono.

"Muulize anataka nini," alisema.

Alitaka kuoshwa na kupakwa mafuta na wanawake, kama bibi yake alivyowafanyia wenzake. Matrah nzima hapakuwa na mwanamke wa dini yake. Alijua mama si wa dini yake. Alijua pia kwamba huenda kwao wasilipende jambo hili, na alisema hatalificha kwa mumewe. Zilibaki wiki tatu, na alikuwa na hofu mpaka akawa halali.

"Bibi yake alikuwa akisema maneno gani?" mama akauliza.

Maneno hayakuandikwa. Ndilo lililomuuma kuliko yote. Daftari lilisema nani alikwenda na nyumba ya nani, na baraka nzima ilikuwa neno moja tu, "tulimbariki". Mimi nikaona nimepata mahali pa kuonyesha akili zangu. Nikamwambia kwa Kiingereza, bila kumfasiria mama, kwamba wanawake hao ni ajabu kweli, waliandika mvua na kuku wakasahau jambo lenyewe.

Hakukasirika. Alifuta macho, akasema, "Labda walidhani daima kutakuwa na mtu anayeyajua."

Basi mama akawa amekwama. Alikuwa ameapa hatashika tena mafuta katika nyumba ya ami, na sasa ametoa neno kwa mgeni juu ya kahawa isiyoonjwa. Alipoondoka yule bibi, mama akateremka ngazi mwenyewe akamwendea ami barazani. Mimi nikabaki juu ya ngazi nikisikiliza, nimekwishatayarisha maneno makali ya kumwambia ami akikataa.

Mama alimweleza yote bila kupunguza. Ami akaiweka tasbihi chini.

"Kahawa aliiweka chini?" akauliza.

"Aliiweka."

"Hakuionja hata kidogo?"

"Hata kidogo, shemegi."

"Na wewe ukasema ameshapewa."

"Ulinifundisha wewe."

Ami akakohoa, ingawa hapakuwa na chumba cha kuingia. "Ahadi ni deni," akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye ndani ya nyumba ile alipenda kusema Kiarabu. "Khalas. Mgeni hapewi nusu. Mfanyie kama mlivyokuwa mkifanya kwenu." Akainuka kwenda msikitini, na mlangoni akageuka. "Lakini sahani iwe safi," akasema.

Ile hasira yangu yote ilibaki mkononi sijui niiweke wapi.

Siku ilikuwa Jumatatu, asubuhi, chumbani kwa mama. Alikuja na gari ya kampuni, na mkobani alikuwa na kichupa kidogo cha mafuta ya zeituni. Mumewe aliyaombea kabla ya kuondoka. Mama alikichukua, akakinusa.

"Yake yamesomewa?"

"Yameombewa," nikafasiri.

"Basi na yangu yamesomewa. Tuyatie pamoja." Alikuwa amesoma Yasini alfajiri, peke yake, akayapasha mafuta ya nazi moto kwenye makaa mpaka yakayeyuka. Akamimina matone machache ya zeituni ndani ya ile sahani iliyoteremshwa kutoka juu ya kabati.

Tulimwosha kwanza kwa maji ya vuguvugu, mke wa ami naye akisaidia, aliyepanda ngazi bila kuitwa na bila kusema kitu. Kisha mama akamketisha kwenye kiti kifupi, akachovya vidole, akaanzia utosini. Akashuka kwenye paji la uso, masikio, shingo, mabega. Alipofika tumboni akaweka viganja vyote viwili, akakaa navyo. Midomo yake haikusimama. Mimi nikaanza kufasiri, nikiwa nyuma ya bega la mgeni, na mama akanikata.

"Usifasiri. Hapa hapana haja ya mkalimani."

Nikanyamaza. Nasema kweli, nilifurahi kupumzika. Dua ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa nimesimama. Nilimsikia akisema "Ya Rabbi" mara nyingi, na mahali fulani akawataja wale watoto wawili waliotangulia. Alipotaka kutaja jina la mgeni likampotea, maana lilikuwa jina gumu la Kimarekani, akasema "huyu mwanangu", akaendelea. Akamaliza kwenye vidole vya miguu, kimoja kimoja, hakuruka hata kile kidogo cha mwisho. Kisha akainua mikono yote miwili ya mafuta mbele ya kifua chake, kama walivyokuwa wakiinua Unguja. Yule bibi naye akainua yake. Mke wa ami, Muibadhi wa Matrah baba na mama, alitutazama sote kidogo, na yeye akainua.

Kabla ya kuvaa, mgeni alimuuliza mama swali moja, na hili nililifasiri. Aliuliza: wewe ulipojua kwamba wazee wako walibadilisha sala, uliwezaje kuendelea kusali?

Mama alikuwa akifuta sahani. Alifikiri.

"Nilikasirika," alisema. "Nikasali nimekasirika. Mikono nimeiteremsha kwa sababu shemegi yangu anasema ndivyo walivyokuwa wazee, na sina sababu ya kumwona muongo. Lakini baba yangu alikufa amekunja yake, na sitaki mtu anambie kwamba sala zake hazikufika. Zote mbili nnazo. Mwambie ni nzito, sitamdanganya. Lakini zinabebeka."

Mtoto alizaliwa wiki mbili baadaye, mchana, katika hospitali ya wamisionari, na akalia kabla hawajamfuta. Msichana. Mama alikuwa hapo. Aliporudi nyumbani alipanda ngazi akiimba, na ami aliyekuwa barazani hakukohoa. Sisemi mtoto aliishi kwa ajili ya mafuta. Watoto wa mwanzo nao waliombewa, na mama mwenyewe alipata kuwapaka wanawake ambao watoto wao hawakuishi. Nasema tu kwamba mama wa mtoto aliingia chumba cha kujifungulia hatetemeki.

Mume alirudi kutoka jangwani, akaambiwa yote, na siku ya pili akaja na matikiti mawili kumshukuru mama. Mkewe alinieleza kwamba alikaa na daftari la bibi usiku mzima, akasema hajui la kusema, kisha akamwomba amsomee tena zile kurasa. Nilimwona mtu mkubwa aliyejaa haya, amekaa barazani kwa ami. Ami akammiminia kahawa. Akaiweka chini. Mama, aliyekuwa nyuma ya pazia, akanikamata mkono kwa nguvu.

"Na huyu naye ana haja gani?" akanong'ona.

Mwaka 1970 waliondoka, na mimi nikaolewa. Tuliandikiana kadi, kisha kadi zikapungua, kama ilivyo desturi ya kadi. Ami alifariki. Mama naye akafuata, mikono imenyooshwa ubavuni kama wanavyonyooshwa maiti wote, wa Unguja na wa Oman, hapo hapana wa kubishana. Sahani nilichukua mimi. Binti zangu walijifungua hospitali za kisasa zenye mashine, wakasema, "Mama, mafuta ya nini tena?" Nami sikusisitiza. Nilikuwa na shughuli.

Kisha ikaja barua. Mwandiko ulikuwa umezeeka lakini niliutambua. Binti yake, yule aliyezaliwa Matrah, alikuwa na mimba ya kwanza na alikuwa na hofu. Yeye mama mtu anakaribia kuwa bibi sasa, na safari hii hataficha mikono mfukoni. Alikuwa na swali moja tu. Alitaka nimwandikie maneno aliyosema mama yangu siku ile juu ya mafuta, kwa sababu mimi nilikuwepo, tena nilikuwa mkalimani.

Nilikaa na kalamu siku tatu. Nilimpigia simu mke wa ami, mkongwe wa miaka tisini, akalia tu na kusema marehemu alikuwa na mikono mizuri. Nilijaribu kukumbuka sentensi hata moja nzima. Nilikumbuka joto la chumba. Nilikumbuka madoadoa ya jua mgongoni mwake, na miguu yangu iliyochoka, na jinsi nilivyofurahi kuambiwa nisifasiri.

Nikamwandikia nilichonacho. Mafuta yapashe moto kidogo tu, yasiungue. Ya nazi na ya zeituni, pamoja. Anzia utosini. Tumboni kaa na viganja vyote viwili, usiharakishe, na usiruke kidole chochote cha mguu. Jina likikupotea, sema "huyu mwanangu". Maneno mengine siyajui, nikaandika. Nilikuwa nimesimama karibu kuliko wote na sikulishika hata moja. Nisamehe. Nilidhani daima kutakuwa na mtu anayeyajua.